Nitamwita Dresa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe la mtu mrefu kuliko mimi, makoleo ya kushikia pamba, sufuria na jiko la mafuta ya taa. Ilikuwa zahanati ya serikali upande wa Temeke, mwishoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa nimetoka Masasi muda si mrefu baada ya kumaliza mafunzo ya udresa. Vijana wa leo hawalijui neno hilo. Dresa alikuwa mtu wa vidonda. Alisafisha, alikata nyama iliyokufa, alikamua usaha, alifunga bandeji, na mgonjwa aliporudi kesho yake aliifungua bandeji ile ile na kuanza upya. Daktari aliandika, muuguzi aligawa dawa, na dresa ndiye aliyeshika palipouma.

Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa mtu mnene wa maneno machache. Alinipeleka hadi chumba cha mwisho, akasukuma mlango kwa goti kwa sababu mikono yake ilikuwa imebeba vitu vyangu, akaniambia, "Hapa utaonana na watu siku yao mbaya. Wakishapona hutawaona tena, kwa hiyo usikae kusubiri shukrani." Nilicheka nikidhani ananitania mgeni. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akinieleza kazi ilivyo.

Kazi ilianza asubuhi kwa kuchemsha vyombo. Makoleo, mikasi na lile bakuli lenye umbo la figo vilitokota kwenye sufuria mpaka maji yakaribie kukauka, kisha vilipangwa juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Siku zile kila kitu kilikuwa adimu. Shashi, kile kitambaa chepesi kinacholala moja kwa moja juu ya kidonda, ilikuja mara moja moja, na bandeji tulizifua, tukazianika, tukazikunja na kuzitumia tena. Akina mama waliambiwa waje na vipande vya kanga kuukuu vilivyochemshwa. Dawa zenyewe zilikuwa spiriti, aidini na ile ya zambarau iliyowapaka watoto rangi hadi puani. Lakini kilichoponya zaidi ya vyote ni maji ya vuguvugu yenye chumvi, sabuni na subira, na hivyo havikuhitaji kuletwa na lori la bohari.

Nyumbani kwa watu kulikuwa na hospitali nyingine. Mtoto aliyeungua uji aliletwa akiwa amepakwa dawa ya meno, au yai, au unga wa ngano. Aliyejikata alibandikwa kahawa, majivu, manjano, hata utando wa buibui. Aliyechomwa na kitu alimwagiwa mafuta ya taa. Wenzangu wengi waliwasimanga akina mama hao, wakawaita wajinga mbele ya foleni nzima. Mimi sikuona ujinga. Mama anayempaka mwanawe dawa ya meno anatafuta ubaridi, na ubaridi ndio hasa unaotakiwa, ila ungepatikana kwa maji ya mtungini tu. Wa kahawa anataka damu ikome, na wa mafuta ya taa anataka kuua vijidudu. Nia zao zote zilikuwa sawa.

Kisha ikaja ruhusa. Biashara zikafunguliwa, na maduka ya dawa yakaota kila kona, Tandika, Yombo, Mbagala, kando ya genge la nyanya na kando ya fundi baiskeli. Zamani tulikuwa na waganga bila dawa, sasa mitaa ikawa na dawa bila waganga. Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kile kidonge cha rangi mbili, kapsuli. Hakikumezwa. Mama alikifungua katikati, akanyunyiza ule unga wa manjano juu ya kidonda, na kesho yake kidonda kikawa na gamba kavu, zuri, lisilotoa hata tone la maji. Mtaa mzima uliamini kwamba kidonda kikikauka kimepona.

Kwa mkwaruzo wa goti, sawa, ungepona hata ukinyunyiziwa vumbi la chaki. Lakini tundu la msumari ni kitu kingine. Ni jembamba, linaingia ndani, na uchafu wake unabaki chini kabisa. Ukiliziba juu umewafungia ndani vijidudu vya pepopunda, nao hawapendi hewa, wanapenda giza la namna hiyo hiyo. Tundu la namna ile linatakiwa lifunguliwe, lioshwe, mtoto apate sindano. Hilo nililisema kwa kila aliyeingia chumba cha mwisho. Tatizo ni kwamba wenye matundu ya misumari hawakuingia.

Hawakuingia kwa sababu ya desturi moja ambayo sikuikuta imeandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo. Mtoto akikataa kula, mama alisema, "Nitamwita Dresa." Akikataa kulala, kuoga, kutumwa chumvi dukani, "Nitamwita Dresa akukate." Hata Muuguzi Mkuu wetu, mwanamke mchapakazi niliyemheshimu, alipita kwenye foleni ya watoto akisema atakayelia anapelekwa chumba cha mwisho, na foleni ikanyamaza. Watoto wa Dar es Salaam waliogopa jini, waliogopa polisi, na waliniogopa mimi.

Nilipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili kule Yombo, zile zenye korido katikati na vyumba huku na huku. Nilikuwa peke yangu. Mke wangu alibaki Masasi na mashamba yetu, tukikubaliana atanifuata mvua zikiisha, lakini aliugua na kufariki kabla ya kunifuata, na mtoto hatukujaaliwa. Niliporudi kutoka mazikoni wapangaji walinipa pole kwa siku kadhaa, kisha maisha yao yakaendelea. Jioni, nikiingia kutoka kazini, nilisikia watoto wanacheza kibarazani, halafu mmoja aseme "Dresa huyo," na korido yote inakuwa tupu. Katika nyumba ile kila mtoto alimwamkia kila mtu mzima, hata mlevi wa chumba cha nyuma. Mimi sikuamkiwa, kwa kuwa hakuna mtoto aliyesimama kwa muda wa kutosha kusema shikamoo. Upweke ule uliniuma. Nauandika hapa kwa sababu wakati ule sikuwa na wa kumwambia.

Mkabala na mlango wangu aliishi Mama Zainabu, mwenyeji wa mji huu tangu kwa bibi zake, mkaanga vitumbua, mwenye sauti inayofika barabarani. Mumewe alikuwa utingo wa malori ya bara, akionekana nyumbani kwa nadra. Zainabu alikuwa binti yao wa pekee, ameanza shule mwaka ule, mwembamba, mwenye mbio. Jina langu lilitajwa katika chumba kile zaidi kuliko jina la mume.

Yaliyotokea nimeyapata baadaye kwa mama mwenyewe. Nyakati zile kila mwenye senti alikuwa anajenga, na mbao zenye misumari zilitupwa ovyo. Zainabu alikanyaga mmoja akitoka shule, ukaingia chini ya unyayo. Alirudi akichechemea. Mama alitaka kumvusha korido tu, aniletee jioni nikirudi, lakini mtoto alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili na kulia mpaka akapaliwa. Alisema atakatwa mguu. Alikuwa ameambiwa hivyo kila siku, kwa nini asiamini? Mama alimwonea huruma. Alinunua kapsuli dukani, akaifungua, akanyunyiza, akamfunga kitambaa, na wakaahidiana kwamba Dresa hatajua. Baada ya siku chache gamba likakauka na mtoto akawa anakimbia. Mimi sikuona lolote, kwa kuwa Zainabu nilikuwa namwona kisogo tu, akitoweka.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nafua uani. Mama Zainabu alikuja amefunga kanga kiunoni, amekasirika.

"Dresa, hebu njoo unitishie huyu mtoto," alisema. "Kanuna toka jana. Hali, haongei, hata mdomo hataki kuufungua. Mie nimechoka naye."

Maombi ya namna hiyo nilikuwa nayakataa. Nilikuwa nawaambia kazi ya kutisha haimo katika mshahara wangu. Lakini neno lile la mdomo lilinisimamisha. Mtoto aliyenuna hafungui mdomo akiombwa ale, ila akichokozwa atasema, akipigwa kumbo atalia. Nilijifuta povu la sabuni nikamfuata.

Zainabu alikuwa amelala kwenye mkeka akitazama ukutani. Aliposikia hatua za mgeni aligeuka, na aligeuka mwili mzima kwa pamoja, maana shingo haikukunjika. Midomo yake ilikuwa imevutwa pembeni, mtu angesema anacheka. Macho hayakuwa yanacheka. Nyuma yetu upepo ukaubamiza mlango, na mwili wake wote ukakakamaa, mgongo ukanyanyuka kutoka kwenye mkeka, kisha ukashuka taratibu.

"Mama Zainabu," nilisema kwa sauti ya chini, "mtoto hajanuna. Aliumia wapi?"

Alimtazama bintiye kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa. "Aliniapisha nisikwambie," akasema.

Akanionyesha unyayo. Gamba lilikuwepo, la manjano, kavu, safi. Kwa kutazama tu ungesema kazi imeisha. Nikamuuliza kuhusu chanjo, naye akasema mtoto alizaliwa shamba kwa bibi yake mzaa baba na baada ya hapo mambo yaliingiliana. Sikuligusa gamba. Pepopunda ikishashika, kila mguso, kila mwanga mkali na kila kelele humkaza mgonjwa, na mkazo mmoja unaweza kumziba pumzi. Nilitandaza kanga dirishani, nikawaomba wapangaji wazime redio, nikatafuta taksi. Dereva nilimwomba asipige honi njia nzima. Alinitazama kwa mashaka, lakini hakupiga, na kwa dereva wa mji huu huo ni wema mkubwa.

Katika hospitali kubwa daktari wa zamu hakuchelewesha. Gamba lilifunguliwa, na chini yake kulikuwa na usaha na kipande cha kutu. Wakampa sindano ya kupambana na sumu, wakampa dawa za kumlegeza, wakamweka katika chumba kidogo chenye pazia zito, giza mchana kutwa, wauguzi wakitembea pekupeku. Chakula kilipitishwa kwa mpira mwembamba puani. Mama aliruhusiwa kukaa humo ikiwa atanyamaza, na mwanamke yule mwenye sauti ya kufika barabarani akanyamaza kwa wiki kadhaa. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu kuliko ile.

Nilipotaka kuingia, Muuguzi wa wodi alinizuia mlangoni kwa kiganja. Alikuwa ameshasimuliwa habari zote.

"Wewe usiingie, mzee," alininong'oneza. "Akikuona atashtuka, na akishtuka huyu anaweza kututoka."

Nilirudi nyuma nikakaa kwenye benchi la nje. Hakuwa amenitukana, alikuwa anafanya kazi yake vizuri. Lakini mimi niliyeshinda nikiosha miguu ya watoto wa watu nilikuwa nimeambiwa kwamba uso wangu ungeweza kumuua mtoto, na ilikuwa kweli. Niliinamisha kichwa nikalia, mtu mzima, mbele ya wauza machungwa.

Kila jioni baada ya kazi nilikwenda kukaa pale, na chupa ya uji kwa ajili ya mama. Sikuwa na pengine pa kwenda. Jioni moja mama alitoka kuunywa, akakaa kando yangu.

"Mie ndo niliyemfundisha kukuogopa," akasema. "Kila siku, Dresa, Dresa. Kumbe namfungia mlango."

Sikumjibu kwamba si kitu, maana ilikuwa kitu. Nilimwambia anywe uji kabla haujapoa.

Zainabu alipona. Mdomo ulilegea kwanza, kisha shingo, kisha akaweza kukaa. Siku alipoletwa nyumbani, mifupa mitupu, akishikiliwa na mama yake, nilijifungia chumbani kwangu ili apite korido bila hofu.

Jumatatu yake nilimwendea Mganga Mfawidhi. Nilimwomba anipe nafasi siku za kliniki ya watoto nizungumze na akina mama, na pia amwambie Muuguzi Mkuu aache kulitumia jina langu kunyamazisha foleni. Alinisikiliza akichezea kalamu.

"Dresa, wewe unataka watoto wakupende au unataka wapone?"

"Nataka waje, bwana mkubwa. Wasipokuja siwezi kuwaponya."

Akakubali. Muuguzi Mkuu alicheka kidogo, lakini aliacha. Basi nikawa nasimama mbele ya akina mama wenye vichanga mgongoni na kuwaeleza yale ninayowaelezea wazazi hadi leo. Mkwaruzo na mchubuko ni kazi yako nyumbani: maji safi, sabuni, kitambaa safi, basi, na kapsuli iache dukani. Tundu la msumari, mwiba ulioingia ndani au jino la mbwa, njoo siku hiyo hiyo hata kama panaonekana padogo. Moto wa usoni, viganjani au sehemu za siri, mwagia maji baridi kwa muda mrefu kisha njoo. Aliyeangukia kichwa akatapika au akasinzia ovyo, usingoje baba arudi. Halafu niliwaambia jambo moja la mwisho. Nyie mnabishana na waume zenu kama mumtibu nyumbani au mumpeleke, na kumbe mwenye kidonda ameshaamua zamani. Ameamua siku mliyomwambia kwamba atakatwa, na atauficha mguu hadi uoze. Wengine walinielewa. Wengine, kabla sijamaliza, walikuwa wanamwambia anayelia mgongoni, "Nyamaza, huyo Dresa anakuona."

Haikupita muda nikapata uhamisho wa kwenda Kunduchi. Asubuhi ya kuhama nilifunga godoro kwa kamba, nikalisimamisha koridoni pamoja na sanduku na sufuria, nikawa nasubiri mwenye mkokoteni. Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa mkabala ukafunguka, akatoka Zainabu peke yake. Alisimama mbali kidogo, mgongo ukutani, akavuta gauni lake juu kidogo akanionyesha goti. Lilikuwa limechubuka.

"Na hiki?" akauliza.

Kilikuwa kidonda cha nyumbani kabisa. Hakikuhitaji dresa, hakikuhitaji hata mama. Kingepona kwa kusahauliwa. Nilifungua sanduku nililokwisha kulifunga, nikatoa sabuni, nikateka maji uani. Alikaa kwenye kizingiti changu. Nilipomgusa alikaza misuli, nami nikangoja mpaka alipolegea mwenyewe. Nikaosha, nikakausha. Nyuma ya mlango wao nilimsikia mama yake akipumua, wala hakutoka.

"Umemaliza?" akauliza. "Hukati?"

"Nimemaliza. Sikati."

Akalitazama goti lake kwa makini. "Kwani we unaitwa nani?"

Nilimwambia naitwa Saidi. Hakuna aliyewahi kuniuliza katika nyumba ile.

"Shikamoo, mzee Saidi," akasema, kisha akaondoka zake, na safari hii alikuwa anatembea.

Baada ya pale nilifanya kazi Kunduchi, nikitoa ndoana kwenye vidole vya wavuvi na watoto wao, nikahamishiwa Ubungo, kisha Kipawa, ambako ndiko nilikostaafia. Mabosi walikuja na kuondoka. Koti nilibadilisha, shashi zikaanza kuja katika pakiti zilizofungwa kiwandani, na neno dresa likafutwa kwenye mlango. Siku ya kuagwa niliimbiwa nikapewa saa ya ukutani. Niliwatazama waliokuja, nikakumbuka maneno ya Mganga Mfawidhi wa kwanza, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja niliyewahi kumfunga bandeji. Waliopona wako huko mjini wanatembea. Ndivyo inavyotakiwa, na inauma vilevile.

Sasa naishi Mbagala, chumba na sebule, peke yangu. Zainabu sikumwona tena, na sijui kama bado yuko mji huu. Upande wa pili wa ukuta kuna mama kijana mwenye mtoto mkaidi wa kula. Juzi, kupitia tofali, nilimsikia akimwambia, "Haya, nitamwita yule mzee wa sindano." Nilivaa kandambili nikaenda kugonga. Alitoka ameona aibu, akanikaribisha, nami sikumgombeza. Nilimwomba tu, kama mzazi wake, kwamba akitaka wa kumtishia mwanawe atafute mwingine, fisi wapo, mabaunsa wapo. Mimi aniache. Na mtoto, aliyekuwa amejificha nyuma ya gauni la mama yake na kijiko mkononi, nilimwambia jina langu, nikamwonyesha mlango wangu ni upi, kwamba mchana siufungi na kwamba sabuni ipo.